Breki ya Mkono na Mtu Asiyekuwapo



Je, mtu aweza kusema uongo pasipo kutamka neno lolote la uongo? Nilidhani nalijua jibu tangu mafundisho ya kipaimara. Gari langu likanirudisha darasani.

Ilikuwa majira ya Wiki ya Nenda kwa Usalama, magari yakikaguliwa na kubandikwa stika kiooni. Langu lilikuwa zima, ila breki ya mkono ilikuwa imelegea. Ukiivuta hupanda mpaka juu kama mkono wa mtu anayepunga. Nikaenda kwa fundi mmoja hapa hapa Chang'ombe, kijana mwenye adabu. Akaniamkia, akainama ndani ya gari, akakaza nati iliyo chini ya mpini. "Vuta sasa, mzee." Nikavuta, ikawa ngumu mara moja. Nikamwuliza kama haifai kufungua magurudumu ya nyuma. Akacheka. "Mzee, Dar yote hii tambarare. Hendibreki utaifanyia nini? Wewe si unataka kupita ukaguzi?" Ni kweli nilitaka kupita. Fedha nilikuwa nazo. Nilichokosa ni subira.

Wasiozoea magari wanisamehe nieleze kidogo. Katika magari mengi mpini ule huvuta waya, na waya hutanua vipande viwili vya breki vilivyo ndani ya dramu la kila gurudumu la nyuma, ving'ang'anie ukuta wa dramu. Vipande vikilika, njia iliyo sawa ni kufungua dramu kwanza, vibadilishwe au visogezwe, waya urekebishwe mwisho. Ukianza na waya, mpini utakuwa mgumu, lakini ni mkono wako tu utakaoridhika. Tena breki huweza kuburuza safarini, dramu likapata moto, na kile kidogo kilichosalia kikalika upesi zaidi. Penye mashine ya ukaguzi magurudumu huwekwa juu ya rola, ikapimwa nguvu yenyewe. Langu lilijaribiwa kwa kuvuta breki na kutia gia. Likasita, likapita.

Sasa nani alisema uongo? Fundi aliniambia kweli tupu. Mkaguzi aliandika alichokiona. Mimi sikuulizwa kitu. Hata gari halikudanganya, maana siku ile lilishika. Lakini ukaguzi hauulizi kama breki inashika saa nne asubuhi mbele ya askari. Huuliza kama itashika. Swali hilo nililijua, na jibu lake nililijua, nikaweka nati iliyokazwa mahali pa jibu.

Wiki tatu baadaye nilisimama dukani, penye mteremko ambao mgeni asingeuona. Nikavuta breki, nikashuka. Nilikuwa nahesabu chenji niliposikia kishindo. Gari lilikuwa limerudi nyuma polepole, likapanda juu ya genge la mama mmoja jirani yetu. Meza ilivunjika, nyanya zikasagika. Yeye alikuwa amekwenda kuchota maji. Ndoo ilikuwa bado mkononi aliporudi, akatazama kigoda chake chini ya bampa, kisha akatazama kioo cha mbele. "Baba, si una stika?"

Nililipa meza na nyanya. Kigoda sikukilala usiku ule.

Breki ya mguu hufanya kazi ukiwapo. Ukiikosea, wewe mwenyewe umo ndani ya gari. Breki ya mkono kazi yake hasa ni wakati umekwenda zako. Ni kama neno ulilomwachia mtu: kaa hapa, nami naondoka. Ndiyo maana ni rahisi kuidharau, kwa kuwa anayeitegemea si dereva bali ni mtu aliyekaa nyuma ya gari asilolijua. Torati ilimfikiria mtu huyo. Katika Kumbukumbu la Torati 22 ajengaye nyumba aagizwa kuweka ukingo juu ya dari, asije mtu akaanguka. Na katika Kutoka 21 mwenye ng'ombe apigaye kwa pembe hahesabiwi sawa kabla ya kuonywa na baada ya kuonywa. Hapo ndipo niliponaswa. Kabla ya kwenda kwa fundi niliweza kujitetea kwa uzembe. Baada ya ile nati, nilikuwa mtu aliyeonywa.

Wengine watasema gari zao ni otomatiki, huweka P na kwenda zao. Wajue kwamba P hufunga giaboksi kwa kijino kidogo cha chuma. Haigusi breki za magurudumu. Wengine watasema Dar ni tambarare. Wapande pantoni ya Magogoni, ambako watu na mikokoteni husimama katikati ya magari, ndipo waseme tena. Wala mteremko hauhitaji kuwa mkali. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma, breki zikashindwa kuizuia, ikagongana na treni ya mizigo. Watu zaidi ya 280 walikufa.

Liko neno moja linalonisumbua bado. Dereva wa teksi ambaye hesabu ya tajiri wake inamngoja jioni, naye hana fedha za vipande vipya, je, nimwambie nini? Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimtofautishi na mimi. Mimi namtofautisha. Akikaza nati, hukaza kwa njaa. Mimi nilikaza kwa haraka. Walakini mama wa genge hawezi kutujua kwa kututazama, na kigoda chake ni kile kile. Nadhani deni kubwa zaidi liko kwa tajiri, ambaye hupokea hesabu ya gari na hajapata kuvuta mpini wake.

Nilirudi kwa fundi yule yule. Hakubisha. Akapandisha jeki, akagonga dramu likatoka, akanionyesha vile vipande: laini kama sahani. Tukanunua vipya, waya akaulegeza, akaanza upya.

Mama yule amepanga genge lake pale pale, hataki kuhama. Nikisimama dukani huacha nyanya zake kwanza, akautazama mkono wangu mpaka nimalize kuvuta.