Nyumba ya Mabwana

Jina la mfereji wa Herengracht, mjini Amsterdam, kwa Kiswahili ni Mfereji wa Mabwana. Wanaotajwa ni waheshimiwa waliotawala mji huo karne ya 17, lakini sikio la Mswahili likisikia "bwana" humsikia pia mtumwa wake. Mbele ya nyumba namba 502, sikio hilo halikosei.

Ilijengwa 1671 na 1672 kwa ajili ya Paulus Godin, mkurugenzi wa Kampuni ya Uholanzi ya India Magharibi, kampuni iliyowasafirisha Waafrika kutoka ngome ya Elmina na kwingineko hadi ng'ambo ya Atlantiki. Iko sehemu ambayo matajiri walinunua viwanja viwili viwili, ndiyo maana ina upana ambao majirani wengi wa mifereji ile hawana. Mlango uko katikati, madirisha yamelingana kulia na kushoto. Nguzo zinazobeba roshani ziliongezwa baadaye, karne ya 18. Tangu 1927 ni makazi rasmi ya meya. Na ni nzuri, tena nzuri sana. Sioni faida ya kujifanya sivyo.

Je, nyumba inaweza kuwa na hatia? Wapo wanaosema jiwe ni jiwe. Mimi nilivutwa na jibu jingine: kwamba kosa la nyumba hii ni umbali. Sukari ya Suriname ilifika Amsterdam kwa meli, ila waliokata miwa hawakufika. Bwana angeweza kufungua dirisha asubuhi akaona maji na mashua tu.

Jibu hilo linaniangukia nikikumbuka Unguja. Soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa mjini kabisa hadi lilipofungwa 1873, na nyumba ya Tippu Tip ingali Mji Mkongwe. Kwetu mabwana waliona kila kitu, na kuona hakukuwazuia kitu.

Basi niache hatia, nishike deni. Deni, tofauti na hatia, hurithiwa pamoja na mali. Kuanzia 1683 mji wa Amsterdam wenyewe ulimiliki theluthi moja ya Shirika la Suriname, lililoendesha koloni hilo. Kwa hiyo meya si mpangaji tu aliyeangukia nyumba yenye historia mbaya. Mwaka 2006 liliwekwa bamba la kumbukumbu mbele ya nyumba, na tarehe 1 Julai 2021 Meya Femke Halsema aliomba radhi kwa niaba ya mji.

Radhi ni jambo jema. Lakini utumwa ulipofutwa Suriname 1863, serikali ililipa gilda 300 kwa kila mtu aliyeachwa huru, na hela hiyo walipewa waliokuwa wakiwamiliki. Walioachwa huru walilazimishwa kufanya kazi kwa mikataba miaka kumi zaidi, hadi 1873, mwaka uleule wa Mkunazini. Sitaki nyumba ibomolewe. Ningependa ile 300 ichongwe pale mlangoni, kwa tarakimu kubwa kama za namba ya nyumba.