Damu Hii Ni Juu ya Nani?

Limeulizwa swali katika darsa yetu, nalo si jepesi. Jeshi la nchi moja likiingia katika nchi nyingine, na baada ya kuingia kwake watu wakaanza kuuana kwa ajili ya dini zao, dhambi ya damu hiyo ni juu ya nani? Ni juu ya aliyelipeleka jeshi, au ni juu ya aliyeshika bunduki?

Wengi wetu hapa Nyeri, na ndugu zetu wa Karatina, Nanyuki na Meru, hulizungumza jambo hili kana kwamba ni habari ya Iraq peke yake. Huko Wamarekani na Waingereza waliingia mwaka 2003, wakalivunja jeshi la nchi, na baada ya kulipuliwa msikiti mtukufu wa Samarra mwezi wa Februari 2006, Masuni na Mashia wakachinjana mitaani Baghdad. Lakini hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Safari hii jeshi lililovuka mpaka lilikuwa ni letu.

Tarehe 16 Oktoba 2011 askari wa Kenya waliingia Somalia, baada ya watu kutekwa nyara Lamu na Dadaab. Kabla yao walikwisha ingia Wahabeshi, mwishoni mwa mwaka 2006, wakauangusha utawala wa Mahakama za Kiislamu. Na katika vita vya kuwatoa Wahabeshi hao ndipo al-Shabaab walipopata nguvu na wafuasi. Kisha usiku wa 15 Juni 2014 watu wenye silaha waliingia Mpeketoni, katika wilaya ya Lamu, wakawauliza wanaume dini yao na lugha yao, wakawaua wasiokuwa Waislamu. Usiku wa pili wakaua tena vijiji vya jirani. Waliokufa walizidi 60. Mpeketoni ni mji wa wahamiaji, na wengi wao asili yao ni huku kwetu Mkoa wa Kati. Walipewa mashamba katika zama za Mzee Kenyatta. Kwa hiyo kilio cha Lamu kilisikika mpaka mlimani.

Tazama basi jinsi kila mmoja alivyoutua mzigo. Al-Shabaab walikiri kuwa ni wao, lakini wakasema sababu ni majeshi ya Kenya yaliyoko Somalia na dhuluma wanayofanyiwa Waislamu. Rais Uhuru Kenyatta akasema si al-Shabaab, ni mitandao ya wanasiasa wa hapo hapo. Wengine wakasema ni ardhi tu. Na wako waliosema, kwa sauti ya chini dukani na kwa sauti ya juu kwenye matatu, kuwa ni dini ya hawa Waislamu. Neno la mwisho hili silioni kuwa na chembe ya kweli, kwani watu hao hao wamewaua Waislamu kwa wingi Mogadishu kila mwaka. Ama mengine, kila moja lina kipande cha kweli: jeshi lilikuwako, na ugomvi wa ardhi Lamu ni wa zamani. Ubaya ni kuwa kila mtu alikishika kipande chake ili ajikinge nacho.

Kosa letu, kwa rai yangu, ni kudhani kuwa dhambi ni kama mkate. Akikatiwa huyu kipande kikubwa, yule hubakiwa na kidogo. Qurani haikuifanya hivyo. Katika zaidi ya sura moja imekataa mtu kubebeshwa mzigo wa mwenziwe. Na katika Sura An-Nahl imesema kuwa wale waliowapoteza wengine watabeba mizigo yao kamili, pamoja na katika mizigo ya waliowapoteza. Mwenye haraka ataona maneno haya yanagombana, wala hayagombani. Aliyeua ana dhambi nzima ya kuua. Aliyefungua mlango ana dhambi yake nzima, ya kuufungua huku akijua, au akiweza kujua, nini kitapita. Hesabu ya mmoja haiipunguzii ya mwingine hata senti moja.

Wazee wa Nyeri walilionja jambo hili kabla yetu. Tarehe 20 Oktoba 1952 Serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari, na kikosi cha Lancashire Fusiliers kikaletwa kwa ndege. Raia Wazungu waliouawa katika vita vile ni 32. Wakikuyu waliouawa na Wakikuyu wenzao ni wengi mara nyingi kuliko hao. Huyu alikula kiapo, yule alikikataa kwa sababu ya kanisa lake, na yule mwingine akapewa bunduki ya Homugadi. Mwingereza akaandika kuwa huo ni ushenzi wa wenyeji, na hali yeye ndiye aliyempa ndugu mmoja silaha dhidi ya ndugu yake, na tangu 1954 akawahamishia watu zaidi ya milioni moja katika vijiji vya seng'enge. Ilikuwa tarehe 6 Juni 2013 ndipo waziri wake, William Hague, aliposimama Bungeni London akasema wanasikitika, na fedha pauni milioni 19.9 zikatengewa watu 5,228.

Vema. Je, fedha zile zilimsafisha yule Homugadi aliyemwonyesha jirani yake kwa kidole, na jirani alipokuwa kambini mashamba yakaunganishwa upya, na shamba lake likapungua? Hazikumsafisha hata kidogo. Wala hazikumsafisha aliyemkata mke wa mtu kwa kuwa mumewe alikuwa Homugadi. Baada ya Uhuru tuliambiwa tusahau, na hesabu hizo hazikufunguliwa. Ziko familia hapa Tetu na Othaya ambazo mpaka leo haziposani, wala vijana hawaambiwi kwa nini.

Sasa turudi kwa Serikali yetu. Siidai ijibu kila risasi ya al-Shabaab. Hilo lingekuwa kuwatua wauaji. Naidai ijibu yaliyo yake. Iliingia vitani, je, iliwalinda wale iliowaacha nyuma ambao mtu yeyote angejua watalipiziwa kisasi? Tarehe 2 Aprili 2015 walikufa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, na kikosi maalumu cha polisi kilichokuwa Nairobi kilichukua saa nyingi kufika. Na mwaka mmoja kabla yake, Aprili 2014, maelfu ya Wasomali, wengi wao wa Eastleigh, walikusanywa na kuhojiwa katika kiwanja cha Kasarani. Hiyo ndiyo kumbebesha mtu mzigo wa mwenziwe, na kila aliyelala kule bila ya kosa alitoka na uchungu ambao al-Shabaab walikuwa wakiutafuta.

Atasema msemaji: vita viliwalazimisha. La. Tarehe 22 Novemba 2014, karibu na Mandera, abiria 28 wa basi walishushwa wakauawa, walioshindwa kusoma shahada wakiwamo. Tarehe 21 Desemba 2015 basi jingine lilisimamishwa katika jimbo hilo hilo. Jeshi letu lilikuwa lingali Somalia, na vita vilikuwa vile vile. Abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo, na wanawake wakawavisha wenzao mitandio yao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi pale, akafariki Januari 2016. Sababu zote walizozitaja wauaji zilikuwa ndani ya basi lile, na abiria wakatenda mengine.

Lakini tusimfanye marehemu huyu kuwa muhuri wa kujigongea sisi. Kila tukiulizwa habari ya Mpeketoni twamtaja yeye, na mazungumzo yakaisha. Yeye alijibu kwa nafsi yake. Palipokuwa na kanda za mawaidha zilizohalalisha damu ya jirani, zikiuzwa nje ya misikiti yetu baada ya sala ya Ijumaa, nani katika sisi alimwendea muuzaji?