Pete ya Kuchomelea

Kawangware inapakana na Lavington, na vijana wengi wa upande mmoja hula kutokana na miti ya upande wa pili. Masika yakikaribia, wenye nyumba hutaka mikaratusi yao ipogolewe kabla matawi hayajaangukia paa. Ndipo wapandaji huitwa.

Walikuwepo wawili waliozoea kufanya kazi pamoja, mzee wa Makina, Kibera, na kijana wa Kawangware. Wote walipitisha kamba juu ya panda ya mti na kuning'inia kwa fundo la kuteleza. Kila walipopanda na kushuka, kamba ilisugua gome. Mti ukachubuka, utomvu ukaganda kwenye nyuzi, kamba ikaota manyoya.

Kijana akaona kwenye simu kifaa cha wapandaji wa Ulaya: utepe imara wenye pete mbili, kubwa na ndogo. Utepe hulazwa juu ya tawi, pete zikaning'inia huku na huku, na kamba ikapita ndani ya pete bila kugusa gome. Kazi ikiisha, kamba huvutwa kutoka chini. Kifundo cha mwisho wa kamba hupita pete kubwa, kikanaswa na ndogo, na kifaa kikashuka. Alipoulizia bei, aliguna.

"Mzee, hiki tutajitengenezea."

Akanunua mkanda wa kiti cha gari kule Grogan. Fundi wa jua kali kando ya Ngong Road akamkunjia nondo kuwa pete mbili, akazichomelea. Mzee alizigeuzageuza mkononi.

"Kijana wangu, nani amezipima?"

"Fundi mwenyewe amezining'inia, na ananizidi uzito."

Kwa wiki kadhaa kamba iliteleza vizuri, na kijana akawa anamaliza mti kabla ya mzee. Asubuhi moja, akiwa juu ya mkaratusi, alijirusha kutoka tawi hadi tawi. Kamba ilipokazika ghafla, mshono wa pete moja uliachia. Pete ya pili haikumfaa kitu, kwa kuwa utepe hukaa juu ya tawi kwa kushikiliwa na zote mbili. Moja ikiachia, utepe mzima huchomoka. Alianguka kimo cha ghorofa moja, akavunjika nyonga. Yu hai, lakini hapandi tena.

Wengine walimlaumu fundi, wengine wakalaani vifaa vya kigeni. Fundi alichomelea kama anavyochomelea mageti, na geti halirukiruki. Kuning'inia kwa utulivu hakupimi mshtuko, kwa maana mtu anayedakwa na kamba ghafla huivuta kwa nguvu inayozidi uzito wake mara kadhaa. Kijana alitafuta dawa ya msuguano, akasahau kwamba ukiweka kifaa kati ya kamba na mti, kinachokubeba ni kifaa.

Basi anayenunua kifaa hiki asianze kwa kuuliza kama kamba itateleza. Atazame kwanza pete: ziwe za kufuliwa, zisizo na mshono wa kuchomelea, zenye kipimo cha nguvu kilichopigwa chapa. Kilonyutoni 22, kipimo cha kawaida, ni kama uzito wa kilo 2,200. Utepe uwe umeshonwa kwa kazi ya kupanda, na kila asubuhi ukaguliwe nyuzi zilizokatika, sehemu zilizoyeyuka, na pete zilizoliwa na kamba.

Asiye na pesa afanye alivyofanya mzee wa Makina, aliyeivisha kamba yake mrija wa ngozi nene pale inapolala kwenye panda. Hautelezeshi kamba kama pete, lakini ukichanika, kamba bado imelala juu ya panda.

Na bei ya kifaa iingizwe kwenye bei ya kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake; mwenye nyumba akikataa kulipia kifaa, mti wake na ubaki na matawi yake.