Madawati ya Kuazima

Lipo swali moja lililoanza kunisumbua nikiwa kazini, na hata baada ya kustaafu halijaniacha. Swali lenyewe ni hili: picha ya uongo inapoonyeshwa katika taarifa ya habari, mwongo ni nani? Ni mtangazaji aliyeisoma habari, ni mpiga picha, ni mwenye kituo, ama ni yule aliyepigwa picha?

Sisi wa Tanzania Bara tulichelewa kuiona televisheni. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, tena ya rangi. Huku kwetu Serikali ya Awamu ya Kwanza iliihesabu kuwa ni anasa, wakati vijiji havina maji wala zahanati. Mimi niliyefunzwa kazi katika chuo cha ualimu cha miaka ile niliikubali hoja hiyo, na mpaka leo naiheshimu. Habari tulizipata kwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na mwenye betri mpya ndiye aliyekuwa na wageni jioni. Mwaka 1993 ilitungwa sheria iliyowaruhusu watu binafsi kuanzisha vituo, na mwaka 1994 vikaanza ITV, DTV na vingine mjini Dar es Salaam. Televisheni ya Taifa ilifuata miaka kadhaa baadaye. Kwetu Lupingu, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, televisheni ilishuka mlima polepole, kwa dishi na jenereta la mfanyabiashara mmoja, na watu walilipa kiingilio kutazama.

Mwaka 2005 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi huko juu milimani, ambayo sitaitaja jina. Tukaletewa taarifa kwamba kiongozi atatutembelea, na katika msafara wake atakuwemo mwandishi wa televisheni. Shule yangu wakati huo ilikuwa na madarasa mawili yasiyo na dawati hata moja. Watoto walikaa chini, juu ya vumbi, wakaandikia mapajani. Mimi nikaenda kwa mwalimu mkuu wa shule jirani, nikamwomba madawati thelathini. Hakuna aliyeniamuru kufanya hivyo. Nalisema hili wazi kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba niliamriwa.

Watoto waliyabeba madawati hayo wawili wawili, wakavuka nayo kilima. Siku ya mgeni walikaa wima, mashati yamefuliwa. Mwandishi akaingia na kamera yake, akauliza kama kuna mwenye neno la kumwambia mgeni. Binti mmoja wa darasa la nne akanyoosha mkono. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikamtazama, na kila aliyewahi kuwa mwanafunzi anaujua mtazamo huo. Akaushusha mkono wake.

Kanda ikasafirishwa kwa basi. Siku chache baadaye nikaitazama habari yetu nikiwa mjini Ludewa. Ilisemwa kuwa shule imepiga hatua na kwamba watoto wanasoma katika mazingira mazuri. Watu dukani wakanipongeza. Wakati huo madawati yalikwisha kurudi kwa wenyewe, ambao siku ile ya mgeni walikuwa wamekaa chini kwa ajili yangu.

Mwaka uliofuata yaligawiwa madawati kwa shule zenye upungufu. Shule yangu haikuwemo katika orodha. Nilipokwenda kuuliza, niliambiwa kwa upole kabisa: "Mwalimu, shule yako tuliiona kwenye televisheni." Watoto wangu wakakaa vumbini miaka miwili zaidi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Methali hiyo nilikuwa nikiifundisha darasani kila mwaka.

Wapo watakaonitetea. Watasema: ni mzazi gani anayependa mwanawe aonekane nchi nzima amekaa chini? Je, heshima ya mtoto si kitu? Hoja hii ina uzito, nami sitaki kuipuuza. Lakini nikijichunguza naona kwamba heshima niliyoilinda siku ile ilikuwa yangu. Mtoto kukaa chini haikuwa aibu yake. Ilikuwa aibu yetu sisi watu wazima. Kama ningeijali heshima yake, ningemwacha aseme.

Wengine hulaumu vyombo vya habari, kwamba mwandishi angepaswa kudadisi. Ni kweli, angeweza kurudi kesho yake bila taarifa. Lakini mwandishi wa mikoani ni mtu mwenye kamera moja na safari ndefu. Anategemea kile anachoambiwa na wenyeji. Tukimfungia mlango wa ukweli, kesho tutamlaumuje kwa kutangaza uongo?

Tena wapo waandishi ambao hawakukubali kufungiwa. Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo wilayani Mufindi, kando ya barabara tunayopita tukitoka Makambako kwenda Iringa, aliuawa Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten mkoani Iringa. Alikuwa kazini, polisi wakiwatawanya wafuasi wa chama cha siasa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimtia askari mmoja hatiani kwa kosa la kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka 15. Niliposikia habari za kifo hicho nilikuwa nimekwisha kustaafu, na kilichonijia akilini ni ule mkono wa yule binti. Mtu mmoja alitoa uhai wake akijaribu kuonyesha kilichokuwa mbele yake. Mimi, bila kutishwa na mtu, nilikificha kilichokuwa mbele yangu kwa sababu ya makofi ya dukani.

Basi jibu langu ni kwamba uongo wa picha huanza kwa anayepigwa, ingawa hauishii kwake. Siku hizi kila kijana ana kamera katika simu yake, lakini wageni wakitangazwa bado tunahangaika vilevile. Nawaambia walimu vijana wanaonitembelea: fagieni uwanja, pakeni chokaa, wavisheni watoto nguo safi, hiyo ni heshima kwa mgeni. Lakini msiazime. Mgeni ataondoka, na watoto watabaki na kile mlichokuwa nacho kweli.

Yule binti sijui angesema nini. Pengine angesalimia tu. Lakini jioni ile, tukiyarudisha madawati, aliniuliza: "Mwalimu, na ya kwetu yatakuja lini?" Nilimwambia ashike vizuri upande wake, asije akaanguka.