Mwethya na Moyo wa Mwalimu Mwanagenzi

Ustawi wa kijamii na kihisia wa mwalimu, yaani uwezo wake wa kuzitambua hisia zake, kuzimudu na kuishi vyema na wenzake na wanafunzi, kwa kawaida huachiwa wanasaikolojia. Lakini kwanza ni suala la falsafa, kwa kuwa ndani yake mna swali la mtu ni nani na mzigo wake ni wa nani. Huko Ukambani, eneo la Wakamba nchini Kenya, swali hili lina wenyewe. John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alishikilia katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba mtu hawi mtu peke yake, bali jamii ndiyo inayomfanya awe. Hoja hiyo ikikubaliwa, mwalimu mwanagenzi, yaani yule ambaye bado anajifunza kazi chuoni, hawezi kuambiwa ajipe moyo mwenyewe na kuachwa hapo.

Mwanagenzi huyo anapopelekwa mazoezi ya kufundisha Makueni wakati wa kiangazi, huingia darasani na andalio la somo lililokamilika, akamkuta mtoto amelaza kichwa juu ya dawati kwa sababu tangu alfajiri alikuwa akiteka maji kwenye shimo lililochimbwa katika mchanga wa mto uliokauka. Andalio la somo halina safu ya kuandikia huzuni inayompata. Nyuma ya darasa ameketi mkufunzi, kalamu mkononi, na ni nani amfunuliaye udhaifu wake yule anayempa alama? Hapo ndipo neno "wito", ambalo makanisa yamelilea kwa heshima, huweza kugeuzwa kizibo cha mdomo, ikadhaniwa kwamba aliyeitwa hachoki, ilhali Injili yenyewe inamwonyesha Yesu akiwatenga wanafunzi wake na umati ili wapumzike.

Wakamba wana mwethya, kikundi cha majirani wanaofanya kazi kwa zamu katika shamba la kila mmoja wao. Anayelimiwa leo haoni haya, maana kesho jembe lake litakuwa kwa mwenzake. Historia yake ina onyo pia: utawala wa kikoloni ulipowashurutisha watu wa Machakos, wilaya iliyojumuisha Makueni wakati huo, kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, kazi hiyo ilichukiwa, lakini vikundi vya mwethya vilipojichagulia viongozi katika miaka ya 1950, ilishika kasi. Vivyo hivyo, kikao cha kusikilizana kinachoendeshwa kwa amri na orodha ya mahudhurio kitazaa ukimya. Kinachofaa ni kikundi kidogo cha wanagenzi pamoja na mwalimu mzoefu asiyetoa alama, wakutanao jioni, kila mmoja akiieleza siku yake jinsi ilivyokuwa, na zamu ikizunguka mpaka imfikie hata yule hodari, ambaye mara nyingi hakuna anayemuuliza hali.