Tembo wa Sekenke

Wajukuu zangu, nimewaona tangu alfajiri mnafunga magodoro kwenye pikipiki. Nasikia duara, shimo la wachimbaji, limetema dhahabu huko bondeni na rashi ya kuikimbilia imeanza. Sitawazuia. Nami nilishuka duarani nikiwa na miaka 27, na bibi yenu alilia siku tatu. Nataka mkae kidogo tu, uji unapoe, niwaambie jambo.

Abiria wa mabasi ya Mwanza wakisikia Sekenke hushika kiti cha mbele. Wanapajua kwa ule mlima uliokuwa ukimeza malori. Dhahabu hawaitaji kabisa. Na hapa ndipo Wajerumani walipoanzisha mgodi wa kwanza wa dhahabu wa nchi hii, mwaka 1909, kabla babu yangu hajaota ndevu. Vita Kuu ilipokuja, meli za Waingereza zikafunga bahari na fedha za kulipia askari na wapagazi zikawaishia Wajerumani. Mwaka 1916, Tabora, kwenye karakana ya reli, wakafyatua sarafu za dhahabu za rupia 15. Dhahabu yake ilitoka hapa Sekenke. Upande mmoja tai wa Kaizari, upande wa pili tembo kainua mkonga, milima nyuma yake. Zilitoka zaidi ya 16,000, halafu Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora, mambo yakaishia hapo. Zilizosalia leo hupigwa mnada Ulaya, moja kwa mamilioni ya shilingi zetu. Katika wilaya yetu nzima ya Iramba sijakutana na mtu aliyewahi kuishika. Mimi nimemwona tembo huyo kwenye simu ya mmoja wenu.

Waingereza nao wakaja wakachimba, wakaondoka kabla ya uhuru. Hayo niliyasikia. Ninayoyajua kwa macho ni ya miaka ya 1980, serikali ilipolegeza masharti na sisi wachimbaji wadogo tukarudi kwenye mashimo ya zamani. Kiangazi kimoja tu, pori likawa mji. Maturubai hadi kule kwenye mibuyu, mashine mbili za kusaga, kibanda cha video, bucha tatu. Wasukuma, Wanyaturu, Wanyamwezi, Waha, na sisi wenyeji tukiwa wachache kuliko wageni. Tulikubaliana kila duara litoe kiroba kimoja cha mawe kwa mwezi ili kijengwe chumba cha darasa. Kuta zilifika usawa wa renta. Pesa ya bati ilikuwa mikononi mwa kamati, na kamati ikahama na pesa.

Maji yakaingia duarani mwezi wa Januari. Mkitaka kujua mji wa mgodi unakufa, msitazame wachimbaji, maana mchimbaji husema kesho hata maji yakimfika shingoni. Tazameni bucha. Ya kwanza ilifungwa Jumatatu, kufikia Jumamosi zote tatu. Kufikia mvua za Machi tulibaki familia nne, kuta zisizo na paa, na kisima kilichotitia.

Mwaka 2022 karani wa sensa alikuja hapa na kishikwambi chake, akauliza nani alilala ndani ya nyumba hii usiku wa kuamkia Agosti 23. Swali zuri kwa serikali. Kwa mji wa mgodi linadanganya, kwa sababu waliolala leo ni wengi na wote wamefunga mizigo. Mimi ningeuliza nani amezika mtu wake hapa, nani amepanda mwembe na anangoja uzae. Kambi zote nilizopita, kwa hesabu hiyo, zilikuwa na watu wachache sana, hata siku za bucha tatu.

Msidhani ni sisi maskini tu tunaofikwa na haya. Geita ya mkoloni ilifungwa 1966, mgodi mkubwa ukaja kufunguliwa tena 2000. Aliyezaliwa mwaka wa kufungwa alikuwa na miaka 34, pengine ana watoto wa shule. Nzega ule wa Golden Pride uliisha 2014. Buzwagi pale Kahama ulianza 2009, ukaisha 2021, na ulikuwa na mashine ambazo tairi lake moja linamzidi mtu urefu. Watu wa miji hiyo waliponea wapi? Mpanda ndiyo inayonifurahisha. Madini yao ya risasi yalikwisha 1960, lakini kwa ajili yake ilikuwa imejengwa reli kutoka Kaliua, na treni imeendelea kupakia watu na mizigo miaka yote hii. Pale kilibaki kitu kisichotegemea mwamba.

Ninyi mtabakiza nini? Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Simu hazibaki. Mkubwa wenu hapa anataka kuuza ekari tatu za mama yake ili anunue hisa kwenye duara ambalo hajaliona hata matimba ya kushikilia kuta zake yamesimama vipi. Leseni ya mchimbaji mdogo ni ya miaka 7, na mwenye leseni ni mwingine, wewe una mgao wa maneno ya mdomoni. Shamba ukiliuza, huyo mnunuzi hatafungasha maji yakiingia.

Nami nisijifanye mwerevu. Marudio yetu, ule mchanga tuliokwisha kuuosha, niliyarundika nyuma ya nyumba kama takataka. Akaja mtu na lori, akanipa bei ya mbuzi wawili, nikamsaidia hata kupakia. Baadaye nikaambiwa mitambo ya kuchenjulia inakamua humo dhahabu ambayo zebaki yetu haikuishika. Na mbuzi niliowanunua kwa pesa hiyo, mmoja alikufa njiani. (Na hiyo zebaki, yeyote nitakayesikia anaichomea jikoni kwa mkewe asirudi kunisalimia.)

Basi nendeni. Mgao wa kwanza usile peke yako. Nunua mabati, hata kumi, uyalete hapa. Zile kuta za darasa bado zimesimama, mbuzi hupumzikia ndani. Mgao wenu uandikwe mbele ya mtendaji, na mjue jina la mwenye leseni. Na wewe mwenye ekari tatu, ahirisha safari hadi Jumatatu. Jumamosi wanakuja watu wa kijiji kupima mashamba kwa ajili ya hati za kimila, na mama yako hawezi kuzunguka mipaka yote na goti lile. Mimi nitakuwa kwenye mkuyu saa moja asubuhi. Uje na panga, upande wa mashariki pameota miba.