Uvimbe wa Taya Si Jino Bovu

Wajukuu zangu mnaosomea uganga na maabara, kila mkirudi Urambo likizo nawasikia kibarazani mkiulizana maswali ya mtihani. Basi sikieni na la kwangu.

Mkiletewa mtoto wa miaka mitano, shavu limemvimba na meno yanalegea, msikimbilie kung'oa jino. Lipapaseni taya. Uvimbe ukiwa mgumu, haumuumi sana, na mama anasema wiki mbili nyuma haukuwapo, mjue muda ni mfupi. Limfoma ya Burkitt inaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Mwaka 1957, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Haukupita muda akamwona mwingine Jinja. Wengine wangeandika kwenye faili wakaendelea na kazi. Yeye aliuliza ugonjwa huu unapatikana wapi na wapi haupo. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari wiki kumi, kilomita zipatazo 16,000, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, Tanganyika ikiwa njiani, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ramani yao ilionyesha maeneo ya joto na mvua, kulikojaa malaria. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza kwamba wameona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo.

Sasa hapa ndipo nataka mtulie. Limfoma hii hutokana na seli B, na kila seli B ina kingamwili yake. Ikikutana na adui huingia ndani ya tezi ya limfu, na humo jeni za kingamwili hubadilishwa makusudi, mpaka zipatikane zinazomshika adui barabara. Mabadiliko hayo hayafutiki, kama sugu la bega la mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba pembe mpaka Bagamoyo. Ukizisoma jeni hizo kwenye uvimbe, unajua seli ilipita ndani ya tezi, hata kama leo imeota kwenye taya. Limfoma nyingi za seli B zinazoanzia kwenye ngozi nazo hukutwa na alama hizo. Kwa hiyo msiridhike kutaja mahali ugonjwa ulipojitokeza; ulizeni seli imetoka wapi.

Kazi hiyo ya kubadilisha jeni ina hatari yake. Kimeng'enya kinachoifanya, AID, hukosea pengine kikakata pasipopaswa. Jeni ya MYC, inayoiamuru seli igawanyike, huhama kromosomu ya 8 ikaenda kukaa jirani na jeni ya kingamwili kwenye kromosomu ya 14, na hapo hailali tena. Malaria ya mara kwa mara huzisukuma seli B nyingi zaidi ndani ya tezi, na kirusi huzisaidia kuishi zilizostahili kufa. Ndiyo maana sichoki kusema habari za chandarua.

Mkikata kinyama cha uvimbe ili kipimwe, kitieni kwenye fomalini ya kutosha, msikibane kwenye kichupa kidogo. Jina la mtoto liandikwe kwenye kopo lenyewe, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana mezani na mtoto wa watu akapewa majibu ya mwingine. Mahali mlipo pakiwa hapana patholojia, msikae naye mkingoja. Mpeni rufaa haraka. Kwa upande wetu huu njia ni Tabora, Nzega, Shinyanga, hadi hospitali ya Bugando, Mwanza.

Na kabla ya dozi ya kwanza ya dawa, kaeni na mama mumweleze kwa Kinyamwezi kama ndicho anachokielewa vizuri. Dawa ya saiklofosfamidi inaweza kuuyeyusha uvimbe ndani ya siku chache, uso ukarudi, mtoto akaanza kucheza. Siku hiyo ndiyo familia hufunga mizigo, hasa msimu wa tumbaku ukiwa umewadia. Mwambieni mapema kwamba uvimbe ukipotea bado kuna dozi zimebaki, mtaje na tarehe zake, na baba yake awepo akisikia.